Nywila Imekataa: Historia ya Kufungiwa Nje ya Kazi Yako

Mtu yeyote aliyewahi kuitwa "yule wa kompyuta" katika ofisi ya hapa Kenya ameisikia sentensi hii kabla ya chai ya saa nne: "Nimeshindwa kuingia." Siku moja ni barua pepe. Siku nyingine ni Teams, au Slack, au ile folda ya pamoja ambamo mhasibu ameweka hesabu za mwezi. Sentensi ni ile ile, na jibu letu sisi watu wa IT huwa ni lile lile pia: zima, washa, badilisha nywila, jaribu tena. Mara nyingine inasaidia. Mara nyingi inaahirisha tu tatizo hadi wiki ijayo.

Mimi ni mwandishi wa programu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuziunganisha programu za ofisi ziweze kuongea. Katika kazi hiyo nimeona kwamba ukitaka kuelewa kwa nini mtu amefungiwa nje, uliza kwanza mlango wenyewe ulijengwa lini, na nani, na kwa ajili ya shida gani. Kila kosa la kuingia lina mwaka wake wa kuzaliwa. Basi vuta kiti, tuanze mwanzo kabisa, maana hadithi yenyewe ni tamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mashine ya kujaza chumba, na ilimhudumia mtu mmoja kwa wakati. Unaacha kadi zako kwa mhudumu, unarudi kesho kuchukua majibu. Pale MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake wakaunda mfumo ulioitwa CTSS, ulioonyeshwa mara ya kwanza Novemba 1961. Mfumo huu uliwawezesha watu kadhaa kuitumia mashine moja kwa pamoja, kila mmoja akiwa kwenye taipu yake. Hapo ndipo mambo yakaanza. Watu wakishakuwa wengi kwenye mashine moja, kila mmoja ana mafaili yake na mgao wake wa muda, na lazima kuwe na njia ya kuwatenganisha. Wakaamua kila mtu awe na neno lake la siri. Hawakuwa wakijenga benki. Lilikuwa kama kufuli la sanduku la shule ya bweni: linamzuia mwenzako asichukue sabuni yako, lakini mwenye nia halimsumbui.

Na mwenye nia hakukawia. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa uzamifu, Allan Scherr, alikuwa na mgao wa saa nne kwa wiki, na utafiti wake ulihitaji zaidi ya hizo. Aligundua kwamba unaweza kuomba faili lichapishwe kwa kuwasilisha kadi yenye jina lake. Ijumaa usiku akaomba faili la nywila. Jumamosi asubuhi na mapema akaenda kwenye kabati la karatasi, akachukua orodha nzima, akaendelea kutumia muda wa wenzake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuisimulia miaka mingi baadaye. Kwa hiyo umri wa nywila na umri wa wizi wa nywila unapishana kwa miezi tu.

Mwaka 1965, kwenye mfumo huo huo wa CTSS, Tom Van Vleck na Noel Morris waliandika amri ya MAIL, ya kumwachia mwenzako ujumbe ndani ya mashine. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba ushirikiano wa kazi kwenye kompyuta na nywila ni ndugu wa nyumba moja. Huwezi kumpelekea mtu ujumbe kama mashine haijui yeye ni nani.

Kisha ikaja ajali ya 1966, ambayo Corbató mwenyewe aliieleza katika hotuba yake ya kupokea tuzo ya Turing ya mwaka 1990. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri mafaili mawili kwa wakati mmoja: mmoja alikuwa na tangazo la siku ambalo kila mtu hulisoma akiingia, mwingine alikuwa na faili la nywila. Programu ya kuhariri ilitumia jina moja tu la faili la muda kwa kila folda, kwa kuwa aliyeiandika hakufikiria kwamba watu wawili wangefanya kazi mahali pamoja. Mafaili yakabadilishana. Kila aliyeingia siku hiyo alikaribishwa na nywila za watu wote, zikichapwa kwenye karatasi yake.

Soma tena kisa hicho. Hakuna mdukuzi. Kuna programu iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja ikatumiwa na wawili. Makosa ya namna hiyo bado naletewa hadi leo.

Dawa ya kuhifadhi nywila wazi wazi ilianzia Uingereza. Roger Needham wa Cambridge alibuni njia ya kuipitisha nywila kwenye hesabu ambayo ni rahisi kwenda mbele lakini haiwezekani kurudi nyuma, na Maurice Wilkes akaieleza katika kitabu chake cha mwaka 1968. Fikiria unga. Ukinipa mahindi, nitakupa unga. Ukinipa unga siwezi kukurudishia mahindi. Mashine inahifadhi unga tu. Ukiandika nywila, inaisaga na kulinganisha na unga uliohifadhiwa. Waandishi wa Unix pale Bell Labs walilichukua wazo hilo, na mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wakachapisha makala ambayo kila mwandishi wa programu angepaswa kuisoma, kurasa zake ni chache.

Humo kuna takwimu ninayoipenda sana. Walikusanya nywila 3,289 za watumiaji halisi wakazichunguza. Nywila 15 zilikuwa na herufi moja tu. Moja! Nyingine 72 zilikuwa na herufi mbili, 464 zilikuwa na tatu. Ukijumlisha zote fupi, zile za herufi ndogo tupu, na zile zilizopatikana kwenye kamusi na orodha za majina, unafika 2,831, yaani asilimia 86. Kwa hiyo bosi wako anayetumia jina la mtoto wake hakuanzisha kitu kipya. Wao wakaongeza "chumvi", namba ya kubahatisha yenye uwezekano 4,096 inayochanganywa na nywila kabla ya kusagwa, ili watu wawili wenye nywila moja wasiwe na unga unaofanana. Pia wakafanya usagaji uwe wa polepole makusudi, kwa kurudia hesabu mara 25, ili anayejaribu maneno yote ya kamusi achoke.

Huu ndio mwaka wa kuzaliwa kwa mazungumzo ambayo nimeyafanya mara nyingi: "Niambie tu nywila yangu ya zamani, nitaikumbuka." Siwezi, ndugu. Sina. Kama mfumo umejengwa vizuri, hata aliyeuandika hana. Anachoweza ni kuweka mpya. Na kama kuna programu ofisini kwenu ambayo msimamizi anaweza kukusomea nywila yako kwa simu, basi programu hiyo imeandikwa kama ya 1961, na mjue hivyo.

(Kando kidogo: Novemba 1988, programu iliyojisambaza yenyewe ilipita kwenye mashine za Unix nyingi za intaneti, na moja ya mbinu zake ilikuwa kubahatisha nywila kwa orodha yake ya maneno 432. Aliyeiandika aliitwa Robert Tappan Morris. Ndiyo, mtoto wa yule Morris wa makala.)

Sasa tuje kwenye programu za kazi ya pamoja zenyewe. Mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Illinois, mfumo wa PLATO ulipata programu ya Notes, iliyoandikwa na David Woolley, ya watu kuandikiana na kujibizana. Kijana mmoja aliyepitia pale, Ray Ozzie, hakuisahau. Mwaka 1984 akaanzisha kampuni ya Iris, na Desemba 1989 Lotus Notes ikatoka. Wale waliofanya kazi kwenye mashirika ya kimataifa, Umoja wa Mataifa ukiwemo, wataikumbuka vizuri, kwa mapenzi au kwa hasira.

Notes ilikuwa na mlango wa ajabu. Badala ya kuweka siri yako yote kwenye seva, ilikupa faili, faili la utambulisho, lenye ufunguo wako binafsi. Nywila uliyoandika haikwenda kwenye seva kabisa. Kazi yake ilikuwa kufungua faili hilo lililo kwenye diski yako, kisha faili ndilo linaongea na seva kwa hesabu za siri. Kwa usalama, ilikuwa mbele ya wakati wake kwa miaka. Kwa fundi wa ofisini, ilikuwa kaa la moto. Diski ikiharibika bila nakala, faili limekwenda, na barua zako zilizofungwa kwa ufunguo huo zimekwenda nalo. Ukiwa na kompyuta mbili, ofisini na nyumbani, una nakala mbili za faili, na ukibadilisha nywila kwenye moja, nyingine inabaki na ile ya zamani. Watu waliapa kwamba mashine "imerudi kwenye nywila ya mwaka jana", na walikuwa wakisema kweli! Ni toleo la 8.5 tu, karibu mwaka 2009, lililoleta hifadhi ya pamoja ya mafaili hayo kwenye seva. Shikilia jambo hili, tutalirudia.

Wakati Notes ikipikwa, MIT walikuwa na shida nyingine. Mradi wao wa Athena, ulioanza 1983 kwa msaada wa DEC na IBM, ulisambaza kompyuta chuo kizima, na mwanafunzi aliweza kukaa kwenye yoyote. Je, aandike nywila kila mara anapotaka faili, barua, printa? Na je, nywila ipite kwenye waya ambao kila mtu anaweza kuusikiliza? Jibu lao likaitwa Kerberos, jina la yule mbwa wa hadithi za Wagiriki anayelinda mlango wa kuzimu.

Namna inavyofanya kazi ni kama kuingia jengo la ofisi mjini Nairobi. Unamwachia askari wa langoni kitambulisho, anakupa beji. Baada ya hapo, ghorofa ya tatu au ya nane, hakuna anayekuuliza kitambulisho tena, wanaangalia beji. Na beji ina saa ya kuisha. Kerberos hutoa beji hizo kwa jina la tiketi. Microsoft walipotoa Windows 2000 na Active Directory yake, waliichukua Kerberos kama njia yao kuu, na kwa desturi tiketi ya kwanza hudumu saa 10. Ndiyo maana ofisi nyingi duniani leo zinatumia kazi ya ule mradi wa Athena bila kujua.

Lakini beji yenye saa ya kuisha inahitaji wote wakubaliane ni saa ngapi. Mtu asije akaiba beji ya jana akaitumia leo. Kwa hiyo Kerberos hukubali tofauti ya dakika 5 tu, kwa desturi, kati ya saa ya mashine yako na ya seva. Zaidi ya hapo, tiketi inakataliwa, hata kama nywila ni sahihi herufi kwa herufi.

Hapa ndipo Kenya inapoingia. Windows ikiwekwa bila kujibu maswali vizuri, mara nyingi ilibaki na majira ya pwani ya magharibi ya Marekani. Mashine ikishajiunga na mtandao wa ofisi, inachukua saa sahihi ya dunia kutoka kwa seva, inaigeuza kuwa ya kule Marekani, na saa tatu asubuhi ya Nairobi skrini inaonyesha saa nne usiku wa jana. Mwenye mashine anaona saa ni mbovu, "anairekebisha" kwa kusogeza mishale, na sasa skrini inaonyesha saa tatu asubuhi vizuri kabisa. Lakini ndani, kwa hesabu za dunia, mashine imekwenda mbele kwa saa 11. Folda ya pamoja inamkataa. Anabadilisha nywila. Inamkataa. Anaita fundi, fundi anaangalia saa pale kona ya chini, anaona iko sawa, anaanza kulaumu kebo.

Niliwahi kuitwa ofisi moja ambapo kisa hiki hiki kilikuwa kimetafuna siku mbili. Ilinichukua dakika moja, kwa sababu moja tu: siangalii saa, naangalia majira. Betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mama nayo inaleta ugonjwa unaofanana. Ikifa, mashine ikizimwa na umeme ukakatika usiku, asubuhi inaamka ikiamini ni mwaka wa kutengenezwa kwake. Hapo hata barua pepe ya kwenye wavuti inagoma, kwa kuwa cheti cha tovuti kinasema kimeanza kutumika mwaka ambao mashine inadhani haujafika. Betri hiyo ni ya bei ya sahani ya chipsi. Zile namba 6 za kuthibitisha ambazo simu inazitoa kila sekunde 30, kwa kanuni iliyochapishwa mwaka 2011, nazo ni watumwa wa saa vile vile.

Baada ya milango ikaja sheria. Mwaka 2003 mtaalamu wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, Bill Burr, aliandika mwongozo ambao ofisi za dunia nzima ziliunakili: changanya herufi kubwa na ndogo, weka namba, weka alama, badilisha kila baada ya muda. Matokeo unayajua, yamebandikwa kwa karatasi ya manjano chini ya kibodi. Januari ni Nairobi1!, Aprili ni Nairobi2!. Mwaka 2017 Burr, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika, na mwaka huo huo NIST ikaacha kupendekeza kubadilisha nywila kwa kalenda. Microsoft nao wakaondoa pendekezo hilo kwenye mipangilio yao ya usalama ya Windows mwaka 2019. Mimi namheshimu Burr kwa kusema. Lakini kuna ofisi ambazo habari hiyo haijazifikia.

Ubaya wa kubadilisha kwa kalenda ni kwamba unazaa tatizo lingine: kujifungia nje mwenyewe. Mashine huhesabu majaribio mabaya, yakifika kiwango inaifunga akaunti. Ni wazo zuri dhidi ya mwizi. Sasa, tangu Microsoft walipoiwezesha seva yao ya Exchange ya 2003 kupeleka barua kwenye simu, nywila yako imekaa mahali pengi: kompyuta ya mezani, ya kubeba, simu, pengine mashine ya zamani iliyo stoo. Ukiibadilisha kwenye moja, zile nyingine zinaendelea kubisha hodi na ile ya zamani, kila baada ya dakika chache, kwa bidii ambayo hakuna mwizi anayo.

Kuna mama mmoja, mhasibu, ambaye akaunti yake ilikuwa ikijifunga mara kwa mara, kisha inapona yenyewe kwa miezi, kisha inarudi. Wenzangu walishamwambia anasahau nywila, jambo lililomuudhi kwa haki, kwani huyu ni mtu anayekumbuka namba za risiti. Nikaomba niangalie kumbukumbu za seva. Windows huandika tukio kila akaunti inapofungwa, namba 4740 kwenye matoleo ya tangu 2008, pamoja na jina la mashine yaliyotoka majaribio. Majaribio yalitoka kwenye seva ya barua yenyewe, maana yake ni kifaa cha nje kinachopitia kwake. Nikaziorodhesha tarehe. Aprili. Agosti. Desemba. Nikamuuliza, "Mama, simu yako ya zamani iko wapi?" Alimpa binti yake, ambaye anasoma shule ya bweni, na shule haziruhusu simu. Kila shule zikifungwa, binti anaiwasha simu, na simu inakumbuka barua pepe ya mama na nywila ya miaka miwili iliyopita.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayefungiwa mara kwa mara: usiibadilishe nywila tena kabla ya kuhesabu vifaa vyako vyote, hata vile ulivyovigawa.

Nikatize hapa kutaja jambo linalochanganya hata waandishi wa programu. "Wewe ni nani" na "unaruhusiwa nini" ni maswali mawili. Wavuti ina namba mbili za makosa kwa ajili ya hayo. 401 maana yake sijakutambua, na 403 maana yake nimekutambua vizuri na jibu ni hapana. Kwa bahati mbaya, jina rasmi la 401 kwa Kiingereza linasema "hujaruhusiwa", na mkanganyiko huo umo tangu kanuni za miaka ya 1990, hautatoka. Ukiona 403, kubadilisha nywila ni kupoteza muda. Mtafute mwenye folda akuongeze. Na akishakuongeza, toka kabisa uingie upya, kwani beji uliyopewa asubuhi iliandikwa kabla hujaongezwa.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 kila kampuni ilikuwa na programu nyingi za wavuti, kila moja na nywila yake. Ndipo ikaja kanuni ya SAML, mwaka 2002, na toleo la pili 2005, kisha OAuth mwaka 2007 na OpenID Connect mwaka 2014. Majina mengi, wazo moja: beji ya Kerberos ipelekwe kwenye wavuti, mlinzi mmoja athibitishe, wengine wote wamwamini. Hapa kwetu nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, na ofisi nyingi zikaanza kuhamisha barua zao kutoka kwenye seva iliyokuwa ikivuma chini ya meza ya mapokezi kwenda mawinguni. Kabla ya hapo, kwenye setelaiti, kila safari ya kwenda na kurudi ilichukua zaidi ya nusu sekunde, na ukurasa wa kuingia wenye safari kumi ulikata tamaa kabla yako.

Mlinzi mmoja ni raha hadi siku mlinzi anapougua. Jumatatu tarehe 14 Desemba 2020, saa nane na dakika 46 mchana kwa saa za hapa, Google ilisahau watu wake. Gmail, Docs, Kalenda, Meet, YouTube, vyote vilikataa, kwa dakika 47, katika mwaka ambao nusu ya kazi ilikuwa ikifanyika sebuleni. Kilichotokea ni cha kiutawala kabisa. Mwezi Oktoba, huduma inayotunza utambulisho wa watumiaji ilihamishiwa kwenye mfumo mpya wa kugawa nafasi, huku sehemu za mfumo wa zamani zikiachwa, zikiripoti kwamba huduma hiyo inatumia sifuri. Muda wa hisani ulipoisha, mfumo ukaona: mtu anayetumia sifuri hahitaji nafasi. Ukampunguzia. Huduma ikashindwa kuandika taarifa mpya, taarifa zikachakaa, na mlango ukakataa taarifa zilizochakaa, kama ulivyofundishwa. Jambo la kuchekesha: walioifungua YouTube kwenye dirisha la faragha, bila akaunti, walitazama video bila shida. Video zilikuwepo. Kilichokosekana ni jibu la "wewe ni nani".

Microsoft hawakukosa zamu yao. Tarehe 3 Februari 2020 Teams ilisimama kwa sababu cheti kimoja kilikuwa kimeisha muda bila mtu kukihuisha. Tarehe 15 Machi 2021, kuanzia saa nne usiku wetu, utaratibu wao wa kubadilisha funguo uliondoa ufunguo uliokuwa umewekewa alama ya "usiondolewe". Na tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilitoweka kwenye intaneti kwa karibu saa sita, ikiwa pamoja na zana za ndani ambazo mafundi wake wenyewe wangezitumia kuirudisha. Ilibidi watu watumwe kwenye majengo ya seva kwa miguu yao, na majengo hayo yamejengwa ili yasiingilike kirahisi.

Siku kama hizo, ukibadilisha nywila unajiongezea kazi, na pengine unajifungia nje zaidi. Kabla ya kugusa chochote, muulize aliye dawati la pili kama yeye ameingia. Kisha jaribu dirisha la faragha la kivinjari, maana kuki za akaunti mbili, ya kampuni na ya kwako binafsi, hupigana. Kisha saa. Nywila iwe ya mwisho.

Siku hizi tunaambiwa nywila yenyewe inaondoka. Mwaka 2019 shirika la W3C lilipitisha kanuni ya WebAuthn, na Mei 2022 Apple, Google na Microsoft walitangaza kwa pamoja kuipanua. Simu yako inatunza ufunguo binafsi, unaufungua kwa kidole au uso, na seva haioni siri yoyote. Ukisikiliza vizuri utaitambua: ni lile faili la Lotus Notes la 1989, limerudi likiwa limevaa suti. Ni bora zaidi, nakubali, kwani halidanganywi na tovuti bandia. Lakini swali la fundi wa Notes liko pale pale. Simu ikiibiwa Jumanne jioni kwenye matatu, Jumatano asubuhi unaingiaje? Kampuni hizo zinajibu kwa kuhifadhi nakala za funguo mawinguni, kama toleo la 8.5 lilivyofanya, na mawinguni unaingia kwa akaunti nyingine, ambayo ina njia yake ya kurejeshwa, na njia hiyo mara nyingi ni namba ya simu. Ile ile iliyokuwa kwenye simu iliyoibiwa.

Mimi nimesajili vifaa viwili, na zile namba za dharura nimezichapisha kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha pamoja na vyeti vya shule. Watoto wananicheka.